Usitupe laptopu yako kuukuu bado: Mambo ya kujua kuhusu Linux kabla hujaisakinisha

IWAPO laptopu yako ni ya mtumba, zile Dell, HP na Lenovo zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku kwetu, basi kuna tarehe inayokuhusu hata kama ilipita bila wewe kusikia: Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda.

Mashine yako haikuzima. Kesho yake iliwaka kama kawaida. Tofauti ni kwamba wahalifu wa mtandaoni wakigundua tundu jipya, hakuna anayekuja kuliziba. Na ni kwenye mashine hiyo hiyo unapofungulia barua pepe, akaunti ya HELB, eCitizen na pengine benki.

Unaweza kusema, "Basi nitahamia Windows 11." Poa, lakini mfumo huo unataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa mashine za Intel, kwa jumla ni kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu nyingi za bei nafuu sokoni hazifiki hapo. Ndipo fundi anapokuambia umpe pesa kidogo akuwekee "ile ya kuvunjwa kufuli".

Kabla hujampa, soma haya. Kuna njia nyingine ambayo ni halali, haina malipo, na unaweza kuijaribu leo bila kufuta faili hata moja. Inaitwa Linux.

Kwanza, mfumo endeshi ni nini?

Chukua ploti ya kupangisha pale Rongai au Kasarani. Wapangaji ni programu zako: kivinjari, kicheza muziki, programu ya kuandikia. Kila mmoja anataka chumba, maji na stima. Lakini mpangaji haruhusiwi kwenda kwenye mita na kujiunganishia nyaya atakavyo. Anamwambia keyateka, naye keyateka ndiye anayejua funguo ziko wapi.

Mfumo endeshi ndio huyo keyateka. Vyumba ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Bomba la maji ni prosesa: wote wanalitaka kwa pamoja, kwa hivyo keyateka anampa kila mmoja zamu fupi, haraka kiasi kwamba wewe unaona kila kitu kinaenda sambamba. Stoo ni diski. Printa ikikataa au Wi-Fi ikipotea, ni yeye anayepaswa kujua jinsi ya kuzungumza na kifaa hicho.

Sehemu inayofanya kazi hii ya ndani kabisa huitwa kiini, au kerneli. Kwa maana halisi, Linux ni hicho kiini tu. Vile vingine unavyoviona kwenye skrini, yaani menyu, madirisha, aikoni na kisanduku cha faili, vimetengenezwa na watu wengine na kuongezwa juu yake. Kiini pamoja na hivyo vyote vikifungwa kifurushi kimoja kilicho tayari kusakinishwa, watu hukiita distro. Ndiyo maana utasikia Ubuntu, Mint, Debian na Fedora. Zote ni Linux, ila kila moja imepambwa na kusimamiwa na kundi lake.

Huria si bure tu

Linux ni programu huria. Wengi huchukulia kwamba maana yake ni "haiuzwi", lakini hapo ni nusu tu ya habari.

Programu yoyote huanza kama maandishi yaliyoandikwa na binadamu, yaani msimbo. Ni kama maelezo ya upishi. Ukinunua mandazi kibandani, unapata mandazi. Mapishi anabaki nayo mwenyewe. Windows inauzwa hivyo. Programu huria hukupa mandazi na mapishi kwa pamoja, kisha inakuruhusu mambo manne: kuyatumia kwa shughuli yoyote, kuyasoma ujue yanavyofanya kazi, kuwagawia wengine, na kuyabadilisha ukaeneza toleo lako.

Ruhusa hii imeandikwa kisheria. Kiini cha Linux kinasimamiwa na leseni iitwayo GPL, ambayo inaongeza sharti moja zito: ukikibadilisha na kukisambaza, lazima nawe utoe msimbo wako kwa masharti yale yale. Kwa njia hiyo hakuna tajiri anayeweza kuchukua kazi ya wengi, akaifungia kabatini na kusema ni yake.

Sasa linganisha na Windows iliyovunjwa kufuli. Mbali na kuwa ni kinyume cha sheria, kile kijiprogramu cha kuvunjia mara nyingi hukuomba kwanza uzime kinga ya virusi. Fikiria hapo. Mgeni usiyemjua anasimama langoni na kukuambia umfungie mbwa ndipo aingie. Huenda ni mtu mzuri. Huenda pia anakuja kubeba nywila zako.

Kwa Linux humwibii mtu. Ukimnakilia rafiki yako, umefanya jambo ambalo waandishi wenyewe wamekuruhusu.

Kijana wa miaka 21

Mwaka wa 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, kwa lengo la kutengeneza mfumo mzima ambao yeyote angeruhusiwa kuutumia, kuusoma na kuubadilisha. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini, yeye na wenzake walikuwa na zana nyingi. Kitu walichokosa ni kiini kilicho tayari.

Huku Finland, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa anacheza na kompyuta yake mpya. Mnamo Agosti 25, 1991, akiwa na miaka 21, aliandikia watu mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo kama jambo la kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL, na wasanidi kutoka kila pembe ya dunia wakaanza kumtumia marekebisho.

Hautakuwa mkubwa? Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na kasi zaidi duniani zinatumia Linux. Sehemu kubwa ya seva zinazobeba tovuti unazotembelea zinatumia Linux. Na kama simu iliyo mkononi mwako sai ni ya Android, basi kiini chake ni Linux vilevile. Umekuwa ukiitumia kila siku, ila hakuna aliyekutambulisha.

Afrika nayo ina mkono wake. Ubuntu ilianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe limetoka katika lugha za Kizulu na Kixhosa, na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji mkalimani: ubuntu ni ndugu wa utu. Mwaka huo huo, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo menyu zake zote ni za Kiswahili. Hawakumngoja mwenye kampuni aamue kama Kiswahili kina soko. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia kazini.

Uchague ipi?

Hapa ndipo wanaoanza huzama, manake distro ni nyingi mno na kila shabiki anavutia kwake kama Gor na Ingwe. Usisumbuke. Kwa anayetoka Windows, Linux Mint ni mahali pazuri pa kuanzia: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na mkono wako utajua pa kwenda.

Mint 22 inahitaji angalau GB 2 za RAM na GB 20 za diski, ingawa watengenezaji wanapendekeza GB 4 na GB 100 ili ufanye kazi kwa raha. Toleo hilo litapata masasisho ya usalama hadi 2029. Inakuja kwa sura tatu; kama mashine yako imechoka, chukua ile ya Xfce, kwa kuwa ni nyepesi kuliko nyingine. Ubuntu pia ni nzuri na ina maelezo mengi mtandaoni, lakini huonekana vizuri zaidi kwenye mashine yenye nguvu kidogo.

Tusidanganyane, hata hivyo. Linux haigeuzi laptopu ya GB 2 kuwa mpya. Kivinjari chenye vichupo ishirini kitailemea tu. Ukipata vijisenti, kuongeza RAM na kubadilisha diski ya zamani ile ya kuzunguka kwa SSD kutakusaidia kuliko ujanja wowote.

Jaribu kabla ya kufuta

Uzuri wa distro nyingi ni kwamba zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Fuata hatua hizi polepole.

1. Hifadhi faili zako. Tasnifu, vyeti, picha. Ziweke kwenye diski ya nje au Google Drive, kisha uzifungue kuhakikisha zinasomeka. Usiziweke kwenye flashi utakayotumia katika hatua ya tatu, kwa sababu hiyo itafutwa yote.

2. Pakua distro kutoka tovuti rasmi. Mint iko linuxmint.com, na Ubuntu iko ubuntu.com. Faili hiyo, ambayo jina lake huishia kwa ISO, ya Mint ina karibu GB 3, kwa hivyo tumia Wi-Fi ya chuo au ya maktaba badala ya kumaliza bando. Usichukue kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

3. Andika faili hiyo kwenye flashi ya GB 8. Kuinakili kama wimbo hakutoshi. Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher, ambazo pia hazilipishwi. Hakikisha umechagua flashi, si diski nyingine iliyochomekwa.

4. Zima laptopu, chomeka flashi, washa. Papo hapo anza kubonyezabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi. Orodha ikitokea, chagua flashi yako.

5. Kagua kila kitu. Baada ya dakika chache utaona Linux kwenye skrini, huku Windows ikiwa imelala salama ndani ya diski. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera je? Mwangaza unaongezeka na kupungua? Ukiunganisha projekta, inaonekana? Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi, hasa vya Broadcom, huhitaji kuongezewa programu ya kuviendesha. Ni heri ujue sasa kuliko usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Na usishtuke ikienda polepole; flashi haina kasi ya diski.

Ukiridhika, ndipo ubofye aikoni ya kusakinisha. Utaulizwa swali moja ambalo lazima ulisome mara mbili: kama unataka kuweka Linux kando ya Windows, au kufuta diski yote. Kwa mara ya kwanza, chagua kando. Kila ukiwasha mashine utaulizwa unataka kuingia upande upi. Ukichagua kufuta, kila kilichokuwemo kimekwenda.

Mambo mawili ya mwisho. Chomeka chaja, na kama stima kwenu hupotea ovyo, ngoja betri ijae kwanza. Pili, kama Windows yako imefunga diski kwa BitLocker, hifadhi ule ufunguo mrefu wa dharura kabla ya kugusa chochote. Bila huo, unaweza kujifungia nje ya faili zako mwenyewe.

Siku ya kwanza ndani ya nyumba mpya

Utatafuta C na D, na hutaziona. Linux haigawi nyumba kwa herufi. Kila kitu huanzia kwenye alama moja, /, kisha hutawanyika kama matawi ya mti. Faili zako ziko ndani ya /home, kwenye folda yenye jina lako. Flashi ukiichomeka hutokea ndani ya /media.

Jingine la kukumbuka: herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Ripoti.docx na ripoti.docx zinaweza kukaa folda moja bila kugombana.

Programu huzitafuti huku na kule kwenye tovuti. Kuna duka lake, kama lile la simu yako. Unatafuta VLC, unabofya, inaingia. Masasisho ya mfumo na ya programu huja kwa mlango huo huo mmoja.

Halafu kuna ile skrini nyeusi inayotisha wengi, terminali. Si lazima uitumie, lakini ukiizoea utaipenda. Andika pwd, inakuambia uko folda gani. Andika ls, inakuorodheshea vilivyomo. Andika cd na jina la folda, unaingia. Ukiandika sudo apt update, mfumo unaenda kuangalia kama kuna matoleo mapya. Ukiandika sudo apt install vlc, unapata VLC bila kubofya mahali popote.

Neno sudo linamaanisha unaomba mamlaka ya msimamizi, kwa hivyo utaulizwa nywila. Kwenye baadhi ya distro, ukiichapa hakuna kitakachoonekana, hata nyota. Kibodi haijaharibika. Endelea kuandika kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza.

Ila shika hili: usinakili amri yenye sudo kutoka kwa mtu usiyemjua na kuibandika kabla hujaelewa inafanya nini. Kuna amri fupi kuliko jina lako zinazoweza kufuta kila kitu, na mfumo utatii, kwa sababu wewe ndiwe mwenye nyumba. Kwenye Mint, weka tayari zana ya Timeshift ambayo hupiga picha ya mfumo ili uurejeshe ukiharibika. Faili zako binafsi, zihifadhi kwingine wewe mwenyewe.

Utakachokosa

Yeyote anayekuambia Linux haina shida, anauza kitu. Photoshop, AutoCAD na QuickBooks ile ya kusakinishwa hazina toleo la Linux. Kwa picha kuna GIMP, kwa video Kdenlive, kwa michoro ya pande tatu Blender, lakini kama mhadhiri wako anasahihisha faili za AutoCAD, itabidi ubakie na Windows kando au utumie maabara ya chuo.

Kwa kazi za kuandika, LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Maandishi yatakuwa sawa, ila mpangilio wa majedwali na fonti unaweza kusogea. Dawa yake ni rahisi: kazi ya mwisho itume ikiwa PDF. Word ya kivinjari nayo inafanya kazi, na tovuti za KUCCPS, HELB na eCitizen hufunguka kwa Firefox kama kawaida.

Wapenzi wa gemu, nyingi za Steam zinacheza, lakini baadhi ya zile za mtandaoni zenye vizuizi vya udanganyifu, mfano Fortnite na Valorant, zitakukataa. Na virusi? Ni vichache zaidi kwenye kompyuta za Linux, lakini barua pepe ya kitapeli itakunyang'anya nywila hata ukiwa kwenye mfumo gani.

Ukiipenda, kuna mbele zaidi

Kampuni zinazokodisha seva, zinazoendesha tovuti na zinazolinda mitandao huhitaji watu wanaoijua terminali. Kuna vyeti vinavyotambulika kimataifa, kama Linux Essentials na LPIC-1 vya Linux Professional Institute, vyenye ada ya mtihani. Lakini maarifa yenyewe huhitaji kuyanunua, kwa kuwa maelezo ya kila zana yako wazi. Andika man ls uone.

Unaweza pia kuchangia. Hakuna anayeuliza umesoma chuo gani. Ukiona menyu haina Kiswahili, tafsiri. Ukikuta hitilafu, iripoti. Torvalds mwenyewe alikuwa mwanafunzi tu aliyeanza na alichokuwa nacho.

Lakini hayo ni ya kesho. Kwa Jumamosi hii, unachohitaji ni flashi ya GB 8, Wi-Fi ya kutegemewa na saa mbili za utulivu. Chomeka, washa, zunguka humo ndani uone. Usipoipenda, zima, chomoa flashi, washa tena. Windows yako utaikuta pale pale ulipoiacha.